Usiifiche Hadithi Yako: Tafakari Juu ya Hofu ya Kuanza Kuandika



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona dogo. Sisi tunaliona kuwa linagusa hazina ya watu wetu, na kwa hiyo linatugusa sisi tuliokabidhiwa kuwalea. Tunataka kuzungumza juu ya mtu anayetamani kuandika hadithi, akachukua kalamu, akaandika mistari mitatu, kisha akaifuta kwa kuwa sauti moyoni mwake imemwuliza: "Wewe ni nani hata uandike?"

Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya utume wetu katika Nyanda hizi za Juu Kusini tumekutana nao wa kila aina: mwalimu wa shule ya msingi, mama wa WAWATA, kijana mwendesha bodaboda, katekista wa kigango cha mbali. Humjia padre baada ya Misa, watu wakiisha kutawanyika, wakiwa na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Kabla hata halijafunguliwa, wameshaliombea radhi. "Padre, ni mambo ya kipuuzi tu." "Padre, ukimaliza kusoma lichome moto." Tukilisoma, mara nyingi tunakuta kasoro, tena nyingi. Sentensi zinapotea njia, watu wa hadithi wanabadilika majina katikati. Lakini pia tunakuta baba aliyeuza ng'ombe wa mwisho ili mtoto asome, tunakuta msiba, tunakuta kicheko cha sokoni Mwanjelwa, tunakuta maisha. Hatujapata kuona hata daftari moja lililostahili moto.

Maoni yetu ni haya, na tutajitahidi kuyatetea: shaka inayomzuia mtu asianze kabisa kuandika haistahili kuitwa unyenyekevu, ingawa hupenda kuvaa kanzu ya unyenyekevu. Ni woga, na woga huu una sababu zake. Ni vema tuzitaje moja baada ya nyingine, kwa maana adui anayetajwa jina hupungua kimo.

Shaka ya kwanza, na pengine iliyo kubwa zaidi huku kwetu, ni ya lugha. Sisi ni Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wandali. Wengi wetu tulizaliwa katika lugha nyingine, tukakijua Kiswahili vizuri tulipofika shuleni. Wenyewe tunachekana jinsi "r" na "l" zinavyobadilishana nafasi vinywani mwetu, na mtu wa Unguja au Mombasa akitusikia hutabasamu. Basi tumejiaminisha kwamba Kiswahili cha kuandikia vitabu ni nyumba ya watu wa pwani, na sisi humo ni wapangaji tu, tusioruhusiwa hata kupigilia msumari ukutani.

Wapendwa, ngoja tuwasimulie habari za mpangaji mmoja. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, mbali kabisa na Bahari ya Hindi. Alisoma katika seminari ya Rubya, akawa katekista na msaidizi wa wamisionari katika kazi za lugha. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kikerewe. Aliona kwamba vijana wa kisiwa chake walikuwa wakisahau desturi za wazee na hata maneno ya kuzitajia desturi hizo. Akatiwa moyo na padre mmoja mmisionari, Almas Simard, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Akaketi, akaandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945.

Ni riwaya inayohusu nini? Inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wa kawaida kabisa, wanaopendana na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke kwa utasa, wakwe wanaudhika na kumchukua binti yao, na mume, badala ya kuoa mwingine kama alivyoshauriwa, anakwenda kumwomba mkewe arudi. Ndani ya safari hiyo mwandishi ameweka kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa, mahari, misiba, adabu za kusalimiana, mambo yote ambayo mtu wa kijijini huyaona kila siku na kudhani kwamba hayafai kuandikwa.

Mswada huo haukupata mchapishaji. Lugha ya Kikerewe ina wasemaji wachache, nani angekichapisha kitabu kinene namna ile? Hatimaye mzee yule, mgeni katika nyumba ya Kiswahili kama sisi, akaifanya kazi upya: aliitafsiri riwaya yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa, vitabu viwili, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Tangu kumaliza kuandika hadi kuchapishwa ilipita miaka 35. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 84, na mwaka uliofuata, 1981, akaaga dunia. Baada yake riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 ikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe. Leo anayetaka kujua jinsi Mkerewe wa kale alivyoishi anakwenda kwa Kitereza.

Tunajua kwamba wako watakaosema: "Padre, mfano huu unatisha badala ya kutia moyo. Nani yuko tayari kungoja miaka 35?" Ni hoja ya haki, na hatutaki kuipita kimya kimya. Hatuwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba akiandika atachapishwa, wala kwamba akichapishwa atasomwa. Anayetoa ahadi hizo anauza upepo. Lakini tazameni jambo moja. Mambo yaliyochelewesha kitabu kile yalikuwa nje ya uwezo wa Kitereza: wachapishaji, fedha, idadi ya wasomaji. Lililokuwa ndani ya uwezo wake lilikuwa moja tu, nalo ni kuandika. Mwaka 1980 ulipofika na mlango ukafunguliwa, mswada ulikuwepo. Laiti angeusikiliza moyo wa shaka mwaka 1940 na kitu, mlango ungefunguliwa na ndani kukawa hakuna kitu.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ukerewe. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela, ambaye Watanzania wengi wanamfahamu kwa ubunge na uwaziri, alichapisha riwaya ya Kiswahili, Pepo ya Mabwege, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla siasa haijamfanya ajulikane. Kiswahili cha Kyela kilitosha. Tena tunathubutu kusema zaidi ya hapo. Anayekuja katika Kiswahili akitokea lugha nyingine haji mikono mitupu. Huja na methali, na namna ya kupanga maneno, na majina ya mimea na mvua na vyakula, ambavyo Kiswahili kinavihitaji. Kuna Kiswahili sanifu, na tunapaswa kukijifunza kwa bidii, kamusi zipo. Lakini makosa ya sarufi hurekebishwa na mhariri kwa siku chache. Hadithi ambayo haikuandikwa haina mhariri wa kuirekebisha.

Shaka ya pili inafanana na ya kwanza: "Huku kwetu hakuna jambo la kuandikia." Kana kwamba hadithi huota Dar es Salaam na Zanzibar tu, kama minazi! Ndugu zetu wa Iringa, mnapita kila siku chini ya jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe jina lake maana yake ni jiwe linaloongea, na hamjiulizi linaongea nini. Kule Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na akafa kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu hilo lilichukuliwa Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 katikati ya mambo ya mataifa makubwa, likarudishwa mwaka 1954. Mwandishi gani duniani angepewa kisa kama hicho akakilalia? Aliyekiandikia tamthilia ya Kiswahili mwaka 1979, Mukwava wa Uhehe, ni M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera. Tunampongeza na kumshukuru. Lakini tunajiuliza, wajukuu wa Kalenga walikuwa wapi?

Wala si lazima mtu aanze na mashujaa. Iko reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo wazee wetu waliishuhudia ikipasua milima, na baadhi yao walishika sururu. Yako mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, na akina mama wanaochuma katika ukungu wa alfajiri. Uko mteremko wa Kitonga na dereva wa lori anayeomba kimoyomoyo. Uko ulanzi na maneno yanayosemwa baada ya kikombe cha tatu. Kuna bibi aliyelea wajukuu sita baada ya watoto wake kuchukuliwa na UKIMWI, naye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote ilikuwaje. Kila mwaka tunazika wazee wa namna hii. Tunawasomea Misa, tunawafukia kwa heshima, na pamoja nao tunafukia visa ambavyo hakuna aliyeviandika. Hapo ndipo penye hasara, wapendwa, na hasara hiyo hairudi. Profesa Joseph Mbele, mzaliwa wa Umatengo huko Mbinga, alizikusanya ngano za watu wake akazitoa katika kitabu mwaka 1999. Ngano za Wakinga na Wasafwa zinangoja nani?

Shaka ya tatu ni ya elimu na nafasi. "Mimi ni wa darasa la saba." "Mimi nina watoto watano na shamba la viazi." Tunawaheshimu wanaosema hivyo, maana ugumu wao ni wa kweli. Lakini Shaaban Robert, ambaye shule zote za Tanzania zinamsoma, hakupata kukanyaga chuo kikuu. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni: kwanza forodhani, kisha idara ya mifugo, ofisi ya wilaya Tanga, na upimaji wa ardhi. Mchana aliandika barua za wakubwa na kupanga mafaili, na katika saa zilizobaki akaandika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, na vitabu vingine vingi. Alipofariki mwaka 1962 baadhi ya kazi zake, kama Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilikuwa bado hazijachapishwa. Zilitoka mwaka 1968.

Jirani yetu wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alifungwa bila kushtakiwa mwaka 1978 katika gereza la Kamiti. Hakuwa na karatasi. Akaandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, na ikachapishwa mwaka 1980. Hatutoi mfano huu ili kumwaibisha mama mwenye watoto watano. Tunautoa ili ijulikane kwamba chumba tulivu, meza nzuri na kompyuta ni vitu vyema, ila havijawahi kuwa sharti. Mtu akiandika nusu ukurasa kila siku sita za juma, kwa mwaka mmoja atakuwa na kurasa zaidi ya 150. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa huitwa kitabu.

Shaka ya nne tunaisikia hasa kwa waamini wema, na tunaichukulia kwa uzito: "Je, kutunga mambo ambayo hayakutokea si kusema uongo? Si dhambi?" Jibu letu ni hapana, nalo linahitaji maelezo. Mwongo hutaka umwamini kwamba jambo limetokea, ili apate faida au akuletee hasara. Mtunzi na msomaji wamekubaliana tangu mwanzo kwamba wanaingia katika jambo la kubuni. Ndiyo maana bibi zetu, kabla ya kuanza ngano, walikuwa na maneno ya kufungulia, na watoto walikuwa na maneno ya kuitikia. Mlango ulifunguliwa kwa hiari ya pande zote mbili, na aliyedanganywa hakuwapo.

Mkitaka ushahidi wa Maandiko, someni sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme Daudi amemchukua mke wa mtu na kumwua mume. Nabii Nathani anatumwa kwake. Haanzi na mashtaka. Anamsimulia juu ya tajiri mwenye mifugo mingi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu. Tajiri yule hakuwapo, wala kondoo yule hakuwapo. Lakini Daudi alihamaki, akatoa hukumu, na ndipo alipogundua kwamba amejihukumu mwenyewe. Hotuba ya moja kwa moja ingegonga ukuta. Hadithi ilipita mlango wa nyuma. Na Bwana wetu je? Yule mwana aliyepoteza mali ya baba yake, katika Injili ya Luka sura ya 15, hana jina wala kijiji wala cheti cha ubatizo. Ni mtu wa kubuni. Hata hivyo ni wangapi wamerudi nyumbani kwa sababu yake?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua juu ya fasihi, ya tarehe 17 Julai 2024. Humo anakumbuka kwamba akiwa kijana Mjesuiti, mwaka 1964 hadi 1965, alifundisha fasihi shuleni huko Santa Fe, Ajentina. Anasikitika kwamba katika malezi ya mapadre riwaya na mashairi mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani ya ziada, ilhali vinamfundisha mtu kuusikia moyo wa mwenzake. Barua ile ililenga kwanza malezi ya mapadre, lakini haikuishia kwao, nasi tunaamini inamhusu katekista na mama wa nyumbani vilevile.

Shaka ya tano ndiyo inayouma zaidi vijijini: "Watu watasema." Jirani atajiona katika hadithi. Shangazi atanuna. Jumuiya itaulizana, "Yule mlevi wa ukurasa wa nne si fulani?" Hofu hii ina msingi. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, naye aliyepita seminari, ile ya Nyegezi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971, angali kijana wa chini ya miaka 30. Iliwashtua wengi. Ilimwonyesha baba mkali anayemlinda binti kwa kipigo, na binti huyo, asiyefundishwa kitu ila hofu, anapotea mara anapokuwa mbali na fimbo. Kwa kipindi fulani kitabu hicho kilizuiwa mashuleni. Baadaye kilirudi, kikasomwa na vizazi vya wanafunzi, na Kezilahabi alipofariki Januari 2020 taifa lilimlilia kama mmoja wa wakubwa wa fasihi yake. Sisi kama padre tumeona katika familia zetu akina Zakaria wengi, na akina Rosa wengi. Hatuoni kwamba aliyeandika aliwakosea. Tunaona kwamba alisema mapema jambo ambalo wazazi wengi walilitambua wakiwa wamechelewa.

Hata hivyo, kalamu isiwe fimbo ya kulipizia. Kwa anayeogopa kusemwa tungependa kutoa ushauri wa aina tatu. Siri uliyoambiwa kwa kuaminiwa usiiandike, hata ukibadilisha jina, kwa sababu mwenye siri ataitambua. Mtu wa hadithi mjenge kutoka kwa watu wengi: macho ya huyu, hasira ya yule, mwendo wa mwingine, na aibu yako mwenyewe. Na kabla ya kuandika juu ya mtu aliyekuudhi, jiulize kama unamwelewa au unataka tu kumwona akianguka. Ukishafanya hayo, andika kwa amani. Kama bado unaogopa, tumia jina la bandia. Karol Wojtyła, askofu kijana wa Polandi ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, alichapisha mwaka 1960 tamthilia juu ya ndoa kwa jina la Andrzej Jawień. Kama askofu alijificha kidogo ili kazi yake isimame yenyewe, nawe unaruhusiwa.

Sasa turudi kwenye neno tulilolianza, unyenyekevu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha juu ya kasoro ya mtu anayejidharau kupita kiasi, akakataa kufanya jambo lililo ndani ya uwezo wake. Sisi tunaweza kuiita udogo wa moyo. Tomaso anaihesabu kuwa dhambi, na mfano anaoutoa ni yule mtumishi aliyepokea talanta akaifukia ardhini kwa hofu. Mwenye majivuno anadai uwezo asio nao. Mwenye udogo wa moyo anakana uwezo alio nao. Wote wawili wamekosea vipimo. Mnyenyekevu wa kweli anasema: nimepewa hiki, si kikubwa, si kidogo, nami nitakifanyia kazi.

Mfano mzuri wa mwandishi mnyenyekevu tunaukuta katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Mwanzoni, katika sura ya 2, anakiri kwamba kazi hii imemtoa jasho na kumnyima usingizi. Mwishoni, katika sura ya 15, anamwambia msomaji kwamba ikiwa ameipanga habari vizuri, hilo ndilo alilolitaka, na ikiwa ameipanga hafifu, ndio uwezo wake ulipofikia. Angalieni: alikuwa na shaka, na shaka hiyo imeandikwa ndani ya Biblia! Lakini aliiandika baada ya kumaliza kitabu. Hapo ndipo mahali pake. Shaka inayokuja baada ya kuandika ni rafiki, kwa maana inakufanya usome tena, ukate, urekebishe. Shaka inayokuja kabla ya neno la kwanza inaua. Kwa hiyo hatumwombi mtu yeyote aifukuze shaka yake. Tunamwomba aiweke nje barazani, ingoje zamu yake.

Inafanyikaje kwa vitendo? Tutasema machache. Usianze na riwaya, anza na kisa kimoja cha kurasa mbili: siku moja, watu wawili, jambo moja wanalogombania. Andika juu ya mahali unapopajua kwa miguu yako. Andika kwa daftari au kwa simu, vyovyote, lakini kwa saa ileile kila siku, hata kama ni robo saa baada ya sala ya jioni. Unapoandika usirudi nyuma kusahihisha. Mpishi anayefunua chungu kila dakika chakula chake huchelewa kuiva. Maliza kwanza, hata kama mwisho ni mbaya, kwa sababu kisa kibaya kilichokamilika kinaweza kutengenezwa. Kisha kiache juma moja, ukisome kwa sauti, nawe utasikia mwenyewe palipojikwaa. Mwisho mtafute msomaji mmoja anayekutakia mema na asiyeogopa kukuambia ukweli. Mwulize: ulichoka wapi, na ulitaka kujua zaidi wapi? Maswali hayo mawili yanatosha. Na soma sana, maana asiyekula hana nguvu za kulima.

Tuna neno pia kwa ninyi msioandika. Aliyemwendea Kitereza akamtia moyo alikuwa padre. Ni jambo la kututafakarisha sisi mapadre, na walimu, na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Mara nyingi mtu anapotuletea karatasi zake tunasema "vizuri, vizuri," tunaziweka juu ya kabati, na hapo zinakaa mpaka panya wazione. Kijana yule harudi tena, nasi tunadhani ameacha mwenyewe. Tunaona kwamba kila parokia ingeweza, bila gharama yoyote, kutenga alasiri moja ya Jumapili kwa mwezi ambapo anayetaka asome kisa chake mbele ya wenzake, na wazee wasimulie, na vijana waandike. Ukumbi upo. Viti vipo. Wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya wapo, nao wanaweza kusaidia kuchapa na kusahihisha. Na kwa atakayekuwa tayari, milango ni mingi kuliko siku za Kitereza: serikali yetu imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu tangu mwaka 2023, na tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 ilipata washindi wake wa kwanza mwaka 2015, akiwamo mwanamke Mtanzania, Anna Samwel Manyanza, kwa riwaya yake. Washindi ni wachache daima. Lakini anayeketi kuandika ili ashinde, na anayeketi kuandika ili bibi yake asisahauliwe, wote wanaanza na neno moja, na wa pili mara nyingi ndiye anayedumu.

Wapendwa, baridi ya nyanda zetu inatuweka ndani jioni, karibu na moto. Wazee wa kale waliutumia muda huo kusimulia. Sisi tunaweza kuutumia kusimulia na kuandika. Juma hili kila mmoja wenu mwenye hadithi anayoibeba kwa siri aandike ukurasa mmoja tu, asimwonyeshe mtu, asiufute. Na kila mmoja wenu mwenye mzee nyumbani amwulize swali moja ambalo hajapata kumwuliza, kisha anyamaze na kusikiliza.

Tunawatakia juma jema na lenye baraka. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.